Brown Palace, Hoteli ya Pembetatu ya Denver: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mara hoteli ya Brown Palace inapotajwa, yawe ya mtu anayetaka kuizuru, mwanafunzi wa usanifu majengo, au aliyesikia kisa kimoja akataka kujua kama ni kweli. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. Jibu likishatolewa mahali pengine, tutakuelekeza huko.

## Ya msingi

Brown Palace ni hoteli gani, na iko wapi?

Ni hoteli ya mwaka 1892 iliyo katikati ya jiji la Denver, jimbo la Colorado, Marekani. Imesimama kwenye kiwanja cha pembetatu kinachozungukwa na barabara tatu: Broadway, Tremont Place na 17th Street. Ilifunguliwa Agosti 1892, na mwaka 1970 iliingizwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria ya Marekani. Bado ni hoteli, wageni wanalala humo hadi leo.

Brown mwenyewe alikuwa nani?

Henry Cordes Brown alizaliwa Ohio mwaka 1820, akawa fundi seremala na mjenzi. Alifika Denver mwaka 1860 kwa gari la kukokotwa na ng'ombe. Husimuliwa kwamba yeye alitaka kuendelea na safari ila mkewe, Jane, alichoka akagoma: kama ni kwenda, nenda peke yako. Wakabaki. Brown akajichukulia ekari 160 kwenye mwinuko ulio mashariki ya mji, ardhi ambayo wakati huo hakuna aliyeitamani. Mji ulipotanuka na kuupanda mwinuko ule, seremala akawa tajiri wa viwanja.

Mwaka 1868 alitoa ekari kumi bure ili lijengwe jengo la bunge la eneo la Colorado. Miaka ikapita bila tofali hata moja kuwekwa. Brown akataka ardhi yake irudi, kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1886 akashindwa. Bunge limesimama pale hadi leo. Kisa hiki kinamwonyesha mtu yule vizuri kuliko picha yake iliyotundikwa ukutani: mkarimu, lakini mwenye kuhesabu.

Je, ana undugu na "Molly" Brown aliyenusurika kwenye Titanic?

Hapana. Ni majina tu yamegongana. Margaret Brown alipata jina la Brown kwa mumewe, J. J. Brown, aliyetajirika katika migodi ya Leadville. Kinachochanganya watu ni kwamba Margaret aliwahi kulala katika hoteli hii, tena aliporudi Denver mwaka 1912, muda mfupi baada ya meli ile kuzama.

Kwa nini jengo ni la pembetatu?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote, kwa sababu karibu kila kitu kingine katika jengo hili kimezaliwa na jibu lake.

Barabara za mwanzo za Denver zilipimwa kufuata mto South Platte na kijito cha Cherry Creek, kwa hiyo ukizitazama kwenye ramani zimekaa mshazari. Baadaye viwanja vya mashariki, vikiwemo vya Brown mwenyewe, vilipimwa kwa kufuata dira: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Mipango hiyo miwili inagongana kwenye Broadway. Pale inapogongana, viwanja vya mraba vinakatwa na kubaki pembetatu. Kiwanja cha hoteli ni kimojawapo: upande mrefu unatazama Broadway, na pande mbili fupi zinakutana kwenye kona ya 17th Street na Tremont.

Kwa maneno mengine, Brown alikuwa na mkono katika kuzaliwa kwa umbo lile zaidi ya miaka ishirini kabla ya kulijengea. Kabla ya hoteli, kiwanja kile kilikuwa malisho ya ng'ombe wake.

Ni kweli aliijenga kwa hasira, baada ya kuzuiwa kuingia hoteli nyingine?

Kisa kinasema alikwenda hoteli ya Windsor amevaa kama mchunga ng'ombe, akafukuzwa mlangoni, akaapa kujenga hoteli itakayoifunika. Ni kisa kitamu, lakini usikiweke kwenye insha yako kama historia. Brown hakuwa wa kwanza hata kufikiria hoteli mahali pale: kundi la wawekezaji, akiwemo mwenye hoteli William Bush, lilikuwa na mpango huo, nao ulipokwama Brown akauchukua. Bush alibaki kwenye mradi, na ndiye aliyeanza kuiendesha hoteli pamoja na Maxcy Tabor, mtoto wa tajiri wa madini ya fedha Horace Tabor. Hasira haijengi hoteli ya dola milioni 1.6. Hesabu ndiyo hujenga, na mwaka 1888 kazi ilipoanza, Denver ilikuwa mji wa hesabu nzuri.

## Ujenzi na usanifu

Nani aliichora, na ni mtindo gani?

Msanifu ni Frank E. Edbrooke, aliyefika Denver mwaka 1879 kusimamia majengo ya Horace Tabor na akabaki kuwa msanifu mkubwa wa mji. Vitabu vingi huiita kazi hii ya mtindo wa Renaissance ya Italia. Mimi naona pia ule uzito wa mawe ya Kirumi uliokuwa umeenea Chicago miaka hiyo: matao mapana chini, ukuta mzito usio na mapambo mengi, madirisha yaliyopangwa kwa safu. Edbrooke alizikata pembe kali za kiwanja kwa kuzifanya mviringo, ndiyo maana jengo halionekani kama kisu unapolikaribia kutoka pembeni.

Limejengwa kwa nini?

Mifupa yake ni chuma. Nje limevikwa graniti nyekundu ya Colorado sehemu ya chini, na mawe mchanga mekundu ya Arizona kwenda juu. Graniti imestahimili. Mawe mchanga, kama kawaida yake, yanabanduka kwa theluji inayoingia, kuganda na kuyeyuka, na yamehitaji ukarabati mkubwa. Ujenzi uligharimu dola milioni 1.6, na samani zikala dola 400,000 zaidi.

Ule ukumbi wa ndani ulio wazi hadi juu ni wa nini hasa? Si ni kupoteza nafasi?

Ukiingia, unajikuta kwenye sakafu ya mapokezi huku roshani zikikuzunguka orofa juu ya orofa, hadi kwenye dari la vioo vya rangi juu ya orofa ya nane. Watu hudhani ni anasa tu. Anasa ipo, lakini rudi kwenye pembetatu.

Edbrooke alitaka kila chumba cha mgeni kitazame barabara. Katika hoteli nyingi za wakati huo, anayelipa kidogo alipewa chumba cha ndani, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Hapa vyumba vimepangwa kwenye pande tatu, vyote vikitazama nje, na katikati ikabaki nafasi isiyofaa kwa chumba cha kulala kwa sababu haipati dirisha. Badala ya kuifanya kichochoro cha kupitishia hewa, akaifungua yote, akaiwekea paa la vioo. Mwanga unashuka kutoka juu, korido zinageuka roshani, na yule anayetoka chumbani kwake asubuhi anaona hoteli nzima kabla hajafika kwenye lifti.

Ndiyo hoteli ya kwanza duniani kuwa na ukumbi wa namna hiyo?

Siyo. Palace Hotel ya San Francisco, iliyofunguliwa 1875, ilikuwa na ua mkubwa ulioezekwa vioo ambamo magari ya farasi yaliingia na kushusha wageni. Ile iliungua mwaka 1906. Brown Palace ni ya mapema na imebaki karibu ilivyokuwa, jambo ambalo ni adimu zaidi ya kuwa ya kwanza. Mtindo huu ulirudi kwa kishindo mwaka 1967, John Portman alipojenga Hyatt Regency ya Atlanta, miaka 75 baadaye.

Walitangaza kwamba haishiki moto. Walimaanisha nini?

Miji ya Marekani ya karne ile iliungua mara kwa mara. Denver yenyewe iliteketea sehemu kubwa mwaka 1863, na Chicago mwaka 1871. Hoteli ilikuwa hatari zaidi: watu wengi wamelala, taa za gesi, ngazi za mbao.

Katika Brown Palace sakafu na kuta za kugawa vyumba zilijengwa kwa matofali matupu ya udongo wa kuchoma, yaliyopangwa kati ya mihimili ya chuma. Udongo uliokwishapita tanuri hauna cha kuungua tena, na uwazi ulio ndani ya tofali unapunguza joto na kelele kupita. Kulikuwa na mbao kidogo sana katika muundo wenyewe. Mwezi Mei 1892 jarida la Scientific American liliieleza hoteli hii kwa sababu hiyo hasa, miezi mitatu kabla haijafunguliwa. Samani na mapazia, bila shaka, vingeweza kuungua, lakini moto wa chumba kimoja haukuwa na njia rahisi ya kwenda chumba cha pili.

Mawe yale ya rangi ya asali kwenye nguzo ni marumaru?

Ni oniksi, aina ya jiwe la mapambo, kutoka Mexico, takriban futi za mraba 12,400. Ukiikaribia utaona mishipa ya hudhurungi na nyeupe, na pale mwanga unapoipiga kwa pembeni, ukingo wa jiwe unapitisha mwanga kidogo. Marumaru ya kawaida ya ukutani haifanyi hivyo.

Kipande cha nakshi kilichogeuzwa kichwa chini kiko wapi?

Kingo za roshani zimetengenezwa kwa vipande zaidi ya 700 vya chuma cha kusubu, vyote vya mchoro mmoja. Viwili vimewekwa kichwa chini. Kimoja husemwa kiligeuzwa makusudi, kwa imani kwamba kazi ya binadamu haipaswi kukamilika bila kasoro. Cha pili, eti, kiligeuzwa na fundi aliyekuwa na kinyongo. Maelezo hayo yote mawili yana harufu ya simulizi za wahudumu. Katika vipande 700 vinavyofungwa kwa mkono, kukosea viwili si ajabu hata kidogo.

Wapi? Hatusemi. Kaa mapokezi, inua kichwa, tafuta. Wahudumu watakuonyesha ukishindwa.

Na wale wanyama waliochongwa nje?

Wako 26, wamechongwa kwenye mawe ya mviringo kati ya madirisha ya orofa ya saba, kazi ya mchongaji James Whitehouse. Ni wanyama wa Colorado. Wapita njia wengi hawawaoni kwa sababu wako juu mno, kwa hiyo vuka barabara kwanza ndipo utazame.

Ni kweli hoteli ina kisima chake?

Ndiyo. Kina urefu wa futi 720 kwenda chini, yaani kama mita 220, na kilichimbwa tangu hoteli ilipojengwa. Maji yake bado hutumika hotelini. Mwaka 1892 hili lilikuwa jambo la usalama kuliko la kujivunia: maji ya miji yaliua watu kwa homa ya matumbo.

Mbona mlango mkubwa wa kwenye picha za zamani siuoni?

Kwa sababu ulikuwa upande wa Broadway, upande mrefu wa pembetatu, ukiwa na tao kubwa la mawe. Uliondolewa, na nyuma yake sasa kuna mgahawa. Siku hizi wageni wengi huingia kwa Tremont Place. Binafsi naona ni hasara, kwani kuingia kwa Broadway kulikufikisha katikati ya upande mrefu na ukumbi ukafunguka mbele yako wote kwa mara moja.

## Wamiliki na mabadiliko

Brown aliipotezaje?

Alifungua wakati mbaya. Utajiri wa Colorado ulisimama juu ya madini ya fedha, na mwaka 1893, chini ya mwaka mmoja baada ya ufunguzi, bei yake iliporomoka. Benki za Denver zikafunga milango, na Brown, aliyekuwa amekopa kumalizia jengo, akabaki na rehani asiyoweza kuilipa. Hatimaye hoteli ikaangukia mikononi mwa Winfield Scott Stratton, aliyetajirika kwa dhahabu ya Cripple Creek. Brown alifariki mwaka 1906, San Diego.

Baada ya hapo?

Jina la kukumbuka ni Boettcher. Familia hiyo, iliyojenga mali kwa sukari ya viazisukari na saruji, ilishika hoteli mwaka 1931 na kuwa nayo hadi 1980. Mengi unayoyaona leo ndani yalifanywa wakati wao. Tangu hapo imebadilisha wamiliki zaidi ya mara moja, bila kuacha kuwa hoteli.

Ni nini hasa kilichobadilishwa ndani?

Juu, katika miaka ya 1930, orofa mbili za mwisho ziligeuzwa nyumba za kupanga, na hapo ukapotea ukumbi wa dansi uliokuwa huko. Chini, mwaka 1934, ikafunguliwa baa ya Ship Tavern, mara tu marufuku ya pombe ya nchi nzima ilipokwisha mwishoni mwa 1933. Imejaa mifano ya majahazi ya zamani aliyokuwa akiikusanya Claude Boettcher. Majahazi, katika mji ulio mita 1,600 juu ya bahari na mbali na pwani yoyote! Mgahawa wa Palace Arms ukafuata mwaka 1950.

Mwaka 1959 ukajengwa mnara wa orofa 22 ng'ambo ya Tremont, ukaunganishwa na hoteli kwa daraja la juu. Siku hizi ni hoteli tofauti. Vyumba navyo vimepungua: vilikuwa kama 400, leo ni 241, kwa kuwa vidogo viliunganishwa.

## Wageni na visa

Marais gani wamelala hapo?

Wengi, tangu Theodore Roosevelt mwaka 1905. Aliyekaa zaidi ni Dwight Eisenhower, ambaye mkewe Mamie alikulia Denver. Mwaka 1952 aliifanya makao ya kampeni yake, na akiwa rais alirudi majira ya joto. Kwenye chumba kinachoitwa kwa jina lake kuna alama ya kubonyea kwenye fremu ya mahali pa kuotea moto, inayosemwa kuwa ya mpira wa gofu alioupiga ndani kwa ndani. Alama ipo. Aliyeipiga, tuwaachie wasimuliaji.

Na Beatles?

Walilala hapo Agosti 1964, walipokwenda kupiga muziki Red Rocks, ukumbi wa wazi ulio karibu na Denver. Kuna chumba kilichopewa jina lao.

Mauaji ya 1911 yalikuwaje?

Usiku wa tarehe 24 Mei 1911, katika baa ya hoteli, Frank Henwood alimpiga risasi Tony von Phul. Wote wawili walikuwa wakimgombea Isabel Springer, mke wa mfanyabiashara maarufu wa mji. Von Phul alikufa. Risasi zilimpata pia George Copeland, mteja aliyekuwa anakunywa zake, naye akafa kwa majeraha. Henwood alishtakiwa kwa kifo cha Copeland, yule ambaye hakuwa na ugomvi naye hata chembe. Magazeti ya Denver yalipata chakula cha miezi mingi.

Kuna handaki la siri chini ya barabara?

Ng'ambo ya Tremont kuna jengo la Navarre, la mwaka 1880, lililoanza kama shule na kuishia nyumba ya kamari na madanguro. Simulizi inasema mabwana wa hoteli walipita chini kwa chini ili wasionekane wakivuka. Leo Navarre ni makumbusho ya sanaa, na anayetaka kuingia anavuka barabara mchana kweupe.

Vipi kuhusu mzimu wa chumba 904?

Mwanamke mmoja wa tabaka la juu la mji aliishi katika orofa za juu uzeeni mwake (tazama swali la mabadiliko ya ndani). Inasimuliwa kwamba alipofariki, simu zilianza kuingia mapokezi kutoka chumba chake, wakati chumba kilikuwa kwenye ukarabati na hakina simu. Kila hoteli kongwe ina chumba chake cha namna hii.

Ni kweli huingiza ng'ombe mapokezi?

Kweli tupu. Kila Januari, wakati wa maonyesho ya mifugo ya National Western, maksai bingwa huletwa ukumbini na kuwekwa kwenye zizi dogo, watu wakinywa chai pembeni. Ukikumbuka kiwanja kilikuwa nini kabla ya hoteli, mnyama ana haki yake pale.

## Ya pembeni

Je, ndiyo hoteli kongwe kuliko zote Denver?

Hapana. Hoteli ya Oxford, karibu na kituo cha treni cha Union Station, ilifunguliwa 1891 na bado inafanya kazi. Msanifu wake? Edbrooke huyohuyo. Ukiwa na siku moja mjini, zitembelee zote mbili: Oxford utaona tofali na utulivu, Brown Palace utaona alichoweza kufanya alipopewa pesa na kiwanja kigumu.

Kwa nini haikubomolewa kama majengo mengine ya enzi yake?

Windsor ilibomolewa karibu na mwaka 1960, jumba la opera la Tabor mwaka 1964, na baada ya hapo mpango wa kuufanya mji upya ukafyeka sehemu kubwa ya Denver ya zamani. Brown Palace ilikuwa na kinga tatu. Ilikuwa pembezoni mwa eneo lililofyekwa. Ilikuwa inaingiza pesa, na familia iliyoimiliki iliendelea kuitengeneza. Tatu ni umbo lake: kiwanja cha pembetatu kilichojaa chuma na graniti ni ghali kubomoa, na ukishabomoa unabaki na kiwanja kilekile kigumu kukijengea.

Naruhusiwa kuingia bila kulala?

Ndiyo, ukumbi wa chini uko wazi kwa wateja wa migahawa na chai ya alasiri. Chai hiyo hunywewa palepale chini ya dari la vioo, na asali yake hutoka kwenye mizinga iliyowekwa juu ya paa. Roshani za juu ni za wageni waliolala. Kama unafuata usanifu, njoo mchana kabla ya saa kumi: jua likishapita upande wa magharibi, dari la vioo hupoteza rangi na kinachobaki ni taa za umeme.